Bunge la Dhaka: anza na mikanda ya marumaru

Kati ya majengo ya bunge ya usanifu wa kisasa wa karne ya 20, Jatiya Sangsad Bhaban la Bangladesh ndilo linalomfaidi zaidi mtazamaji asiye na haraka. Wengi hulipiga picha kwa mbali, lile umbo zito lililozungukwa na maji, wakaondoka. Sogelea ukuta.

Kila baada ya futi 5, yaani kama mita 1.5, mkanda wa marumaru nyeupe umepita mlalo kwenye zege la kijivu. Chanzo chake ni kazi yenyewe. Zege lilibebwa vichwani na vibarua, wakipanda majukwaa ya mianzi, na kimo cha futi 5 ndicho kilichomiminika kwa siku. Zege jipya likikutana na la jana lililokwisha kushika, hubaki mshono: rangi hazilingani na kingo hazinyooki. Badala ya kupiga plasta ukuta mzima, msanifu Louis Kahn aliziba mshono kwa marumaru. Ukihesabu mikanda, unahesabu hatua za ujenzi. Hakuna jibu bora zaidi kwa tatizo hilo.

Kahn alipewa kazi hii mwaka 1962, enzi za Pakistan ya Mashariki, yaani Bangladesh kabla ya uhuru, kwa mapendekezo ya msanifu Mbengali Muzharul Islam. Vita vya uhuru vya 1971 vikasimamisha ujenzi, Kahn akafariki 1974, jengo likafunguliwa 1982. Mwaka 1989 likapata Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu Majengo.

Matundu makubwa ya duara na pembetatu kwenye kuta za nje hayana vioo. Vioo viko nyuma zaidi, hivyo jua kali na mvua za masika hupokelewa kwanza na zege. Gharama yake ni giza kwenye baadhi ya korido, na kwa kuwa 4 kati ya sehemu 8 zinazozunguka ukumbi wa kati, zile za ofisi, zinafanana, mgeni hupotea upesi. Ukumbi wenyewe, wa pembe nane, hupata mwanga kwa juu, paa likiwa limeinuliwa juu ya kuta.

Msikiti ulio juu ya lango la kusini usikupite: umegeuzwa kidogo nje ya mstari wa jengo ili uelekee kibla.

Kasoro kubwa si ya Kahn. Uzio uliowekwa baadaye umewatenga wananchi na uwanja wa kusini. Ndani huingii bila kibali, kwa hiyo kiombe mapema. Ukikikosa, tazama kutoka barabara ya Manik Mia Avenue, kisha zunguka hadi Crescent Lake upande wa kaskazini.