Regulata ya MK2 EVO na R195: je, inamfaa anayeanza kuzamia?

Ukishamaliza kozi ya kwanza, ile inayokuruhusu kushuka hadi mita 18, kifaa kikubwa cha kwanza kununua ni regulata, yaani kifaa kinachokuletea hewa ya mtungi mdomoni. Kwa bahari yetu ya joto, iwe Mafia, Pemba au Watamu, tunaipendekeza MK2 EVO ya Scubapro ikiwa na R195, kwa sababu ni rahisi kuielewa na rahisi kuitunza.

MK2 ndiyo sehemu inayofungwa kwenye mtungi. Inapokea hewa ya bar 200 (bar ni kipimo cha shinikizo) na kuishusha hadi karibu bar 9 au 10 juu ya shinikizo la maji yaliyokuzunguka, ndipo inaiachia hosi. Kazi hiyo hufanywa na pistoni moja na springi. Ina tundu moja la shinikizo kubwa, la geji inayoonyesha hewa iliyobaki mtungini, na manne ya shinikizo dogo: regulata ya mdomoni, ya akiba, koti la kuelea, na moja la ziada.

R195, inayokaa mdomoni, haina kitasa cha kurekebisha uzito wa pumzi, na anayeanza hakihitaji. La muhimu ni kwamba valvu yake hufunguka kufuata mkondo wa hewa. Ikiharibika, kwa kawaida hewa humwagika mfululizo badala ya kukatika. Legeza midomo, vuta unayoihitaji, nyingine iache itoke, mpande pamoja na mwenzako bila kuzidi mita 9 kwa dakika. Geji itashuka upesi mno, basi msisubiri.

Upungufu wake ni kwamba pistoni haijasawazishwa. Mtungi ukikaribia kwisha, pumzi huwa nzito kidogo, hasa ukiwa chini sana. Ndani ya mita 18, kwa mtu anayefika juu na bar 50 zilizobaki, si tatizo. Anayetaka kuzoea mita 30 atafute iliyosawazishwa.

Kabla ya kulipa, uliza kituo unachozamia mitungi yake inafungwaje. Ya kubana inaishia bar 232, ya kuskrubu inafika 300. Ukikosea hapo, utabeba adapta kila safari.

Ya mitumba ijaribu hivi. Kabla haijafungwa kwenye mtungi, ikiwa na kifuniko chake cha vumbi, iweke mdomoni uvute. Hewa isiingie hata kidogo. Ikiingia, kuna kiwambo kilichochanika, valvu ya kutolea pumzi yenye mchanga, au mpira wa mdomoni uliotoboka. Kisha ifunge, fungua mtungi, uiache dakika tano. Sauti ya *sss* inayoanza yenyewe ni dalili kwamba kiti cha valvu kimelika. Kunja hosi karibu na vyuma, maana nyufa hujificha hapo.

Kipimo cha kila siku ni kimoja ambacho wengi hukipuuza: pumua mara nne ukiitazama geji. Mshale ukicheza kila unapovuta, mtungi haujafunguliwa vizuri. Juu ya boti utapumua kama kawaida. Kwenye mita 15 hewa haitatosha.

Chumvi ndiyo adui mkubwa. MK2 ina vitundu vinavyoingiza maji ya bahari kwenye springi, na chumvi ikikauka humo pistoni hukwama. Kausha kifuniko cha vumbi, kifunge barabara, halafu loweka regulata kwenye maji baridi ya bomba, si kuimwagia tu. Usibonyeze kitufe cha mbele ya R195 wakati wa kuloweka: hufungua valvu, na maji hupanda kwenye hosi hadi ndani ya MK2. Ianike kivulini.

Ikaguliwe kila mwaka, na oringi, zile pete za mpira zinazozuia uvujaji, zibadilishwe kwa ratiba ya kijitabu chake. Kwa hiyo hakikisha kwanza kuna fundi aliyefunzwa aina hii mahali unapoweza kumfikia. Kama hayupo, nunua aina ambayo fundi wa kituo chako anaihudumia, hata kama ni ya kampuni nyingine.