TAHADHARI: Muuzaji wa 190 SL ya 1957 "isiyoguswa", mimi ameshaniliza

Wadau wa magari ya kale, kuna mtu anazunguka na tangazo la Mercedes-Benz 190 SL ya 1957, nyekundu, "mmiliki mmoja, haijaguswa tangu itoke kiwandani". Nimempa kishika uchumba cha asilimia 10, na sasa simu yake haipatikani.

Dalili zilikuwepo, tamaa ndiyo ilinifumba macho. Bei ilikuwa chini ya soko, lakini si chini mno. Angeweka bei ya kutupa ningeshtuka. Yeye aliiweka pale pa mtu mwenye haraka, akasema ni gari la urithi na ndugu wanataka kugawana.

Nikaomba namba ya chesisi. Akatuma yenye herufi na tarakimu 17. Hapo hapo ningeachana naye, maana mtindo wa namba 17 ulianza mwaka 1981, na 190 SL ina namba ya kiwanda inayoanza na 121. Nilipomhoji akacheka, eti hiyo ni ya usajili mpya. Dakika kumi baadaye akaleta nyingine inayoanza na 121.042, safi kabisa. Nikaridhika! (Mke wangu hakuridhika, lakini hayo ni ya nyumbani.)

Picha ndizo zilizomuumbua, ila nilizikagua nimeshalipa. Katika moja, paa gumu lina kile kioo kikubwa cha nyuma kilichokuja mwaka 1959. Paa hubadilishwa, sikatai, lakini huyu anaapa kila kitu ni cha siku ya kwanza. Nikazipanga zote pamoja: dashibodi moja ina redio, nyingine tundu limezibwa. Ni magari mawili, huenda matatu.

Halafu ana wimbo wake wa "damu moja na 300 SL", lile gari la michezo la Mercedes la enzi hizo hizo. Ni kweli zilioneshwa pamoja New York Februari 1954, na sura zinashabihiana. Udugu unakomea hapo. 300 SL ina silinda 6, na zile za milango inayofunguka juu kama mabawa zilitengenezwa 1,400 tu. 190 SL ina silinda 4 na kabureta mbili, sakafu yake imetokana na sedani ya 180, na zilitoka zaidi ya 25,000. Ni gari zuri, nalipenda bado, ila thamani zake haziko ngazi moja hata kidogo. Akikutajia 300 SL katikati ya bei, anakupandishia bei.

Fedha nilizipitisha kwenye "kampuni ya dhamana", eti inashika fedha mpaka mnunuzi apate gari, aliyoichagua yeye. Hilo ndilo kosa lililonigharimu. Nilipomwambia namtuma fundi, gari likawa "limeshaingia kwenye kontena". Mtu wako akishindwa kuligusa gari, usitume hata senti. Akifika, apige picha ya namba iliyogongwa kwenye chuma chenyewe, asiridhike na kibao cha ribiti, kwani vibao hutengenezwa upya. Namba ya injini ilinganishwe na kadi ya kiwanda, yaani rekodi ya gari lilivyotoka kiwandani. Apitishe na sumaku kwenye vizingiti vya bodi vilivyo chini ya milango (si milango yenyewe) na kwenye matao ya magurudumu. Isiponasa, chini ya rangi kuna filla (lile pasta la kuzibia bati) na kutu.

Jana tangazo limerudi. Picha ni zilezile, gari limekuwa la 1958, na urithi umegeuka talaka. Nimesharipoti polisi. Kama nawe amekuliza, usifute ujumbe wake hata mmoja, na risiti ya benki iweke.