ORS na zinki kwa mtoto anayeharisha: uzoefu wangu, Mtwara

Nianze na jambo lililonifanya niandike: ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji, haikati kuharisha. Hapa Shangani nimewasikia akina mama wengi wakisema, "Nilimpa, wala haikumsaidia." Usiku wa kwanza nami nusura niseme hivyohivyo.

Ilikuwa Desemba, maembe tele na nzi tele. Mwanangu wa miezi 11 aliamka anaharisha majimaji, na hadi adhuhuri nilishambadilisha mara sita. Mama mkwe akampapasa kichwani, akasema utosi umebonyea, ni meno hayo, tumtafutie dawa ya kupaka. Utosi ulikuwa umebonyea kweli, na jicho lake naliheshimu mpaka leo. Ila kilichoubonyeza ni maji kumpungukia mtoto mwilini.

Duka la kwanza walitaka kuniuzia dawa ya kufunga choo. Usikubali, mzazi mwenzangu, dawa za namna hiyo mtoto hapewi. Duka la pili dada alinipa pakiti mbili za ORS na vidonge 10 vya zinki. Vyote havikufika elfu tano. Kisha akaniuliza, "Mama, nyumbani unapimia nini?" Nikamjibu glasi, namimina nusu pakiti. Akanikataza palepale. Pakiti ya gramu 20.5 huingia yote kwenye lita moja kamili ya maji safi. Sukari iliyomo ndiyo inayosaidia utumbo kufyonza chumvi, na maji yakafuata. Ukizidisha unga, mchanganyiko unavuta maji kutoka kwa mtoto na hali inaharibika. Nikanunua chupa ya maji ya lita moja, ikawa ndiyo kipimo changu. Yaliyobaki baada ya saa 24 unamwaga.

Nilimnywesha kwa kijiko, mililita 50 hadi 100 kila alipoharisha. Akitapika nasubiri dakika 10, naanza tena taratibu. Ziwa sikumnyima. Usiku kucha choo kilikuwa kilekile, nikakata tamaa. Alfajiri akalia, na safari hii machozi yakamtoka. Jana yake alikuwa analia makavu. Nepi nayo ikawa na mkojo. Hapo ndipo nilipoelewa kazi ya ORS. Choo chenyewe kilianza kushika siku ya tatu.

Zinki ni kidonge kimoja cha miligramu 20 kwa siku (chini ya miezi sita ni miligramu 10), nikikiyeyusha kwenye kijiko cha maziwa yangu. Siku ya nne mama mkwe akaniuliza, "Mwanangu, amepona, unampa ya nini?" Nikamweleza kuwa zinki hupunguza siku za kuharisha na humkinga mtoto asirudiwe miezi miwili mitatu ijayo, ndiyo maana humalizwa siku 10 hadi 14.

Kasoro niliyoiona ni maandishi: pakiti yangu ilikuwa na maelezo madogo mno, tena ya Kiingereza kitupu. Kitu cha kuokoa mtoto hakipaswi kuandikwa hivyo.

Ukiona damu kwenye choo, mtoto hawezi kunywa, amelegea, macho yamezama, au ngozi ya tumbo ukiifinya inarudi polepole, usikae nyumbani na vijiko. Sisi wa mjini tuna hospitali ya Ligula, chukua bajaji hata kama ni usiku, na njiani endelea kumnywesha kama anaweza kumeza.

Pakiti zangu sasa zinakaa kabatini pamoja na ile chupa ya lita, na chupa hiyo haitiwi kitu kingine.