TAHADHARI: Wauza "dawa ya sensa" na mafundi wa dakika tano, Kampala

Ndugu wapiga picha, hasa nyinyi wa kwanjula (sherehe ya utambulisho) na harusi: kuna watu wanapita studio hadi studio mjini wakiuza vichupa vya "dawa ya sensa" (sensa ni kile kibamba ndani ya kamera kinachonasa picha) na kusafisha kamera papo hapo. Kiangazi hiki cha vumbi jekundu ndio msimu wao.

Ujanja wao mkubwa uko kwenye picha za majaribio. Anapiga ukuta mweupe kwa f/22 (tundu la lenzi likiwa dogo sana), madoa yanajaa skrini, wewe unashtuka. Anapangusa, anapiga tena, picha safi, unalipa. Kumbe ya pili kaipiga kwa f/4! Tundu la lenzi likifunguka hivyo, kivuli cha punje ya vumbi kinatawanyika hadi hakionekani, na vumbi liko palepale. Fungua maelezo ya picha kwenye skrini ya kamera, ulinganishe namba ya f. Zikitofautiana, usitoe hata shilingi. Jaribio la haki ni ISO 100, f/22 mara zote mbili, ukuta uleule, fokasi ya mkono iliyovurugwa makusudi. Doa lililo juu kwenye picha liko chini kwenye sensa, kwa sababu picha hutua pale kichwa chini miguu juu. Muulize fundi wako hilo kabla hajagusa kitu. Akibabaika, chukua kamera yako.

Kuhusu kichupa chenyewe: kimiminika cha kazi hii mara nyingi ni methanoli safi. Kikinukia manukato, au kikitoa povu ukikitikisa, hiyo ni sabuni ya madirisha. Dondosha tone moja kwenye filta kuukuu ya lenzi. Likauke ndani ya sekunde chache bila kuacha ukungu wala duara. (Methanoli ni sumu na inashika moto, isikae karibu na sigiri wala watoto.)

Swabu (kijiti bapa chenye kitambaa laini cha kupangusia) nayo ina kipimo: milimita 24 kwa sensa ya 36×24, milimita 16 kwa zile ndogo za APS-C, kila moja kwenye pakiti yake iliyofungwa. Anayetumia moja kwa kamera zote anahamisha uchafu wa mwenzako kuja kwako. Pamba za masikio zinaacha nyuzi. Upepo wa kompresa ya gereji unarusha mafuta na maji, na uchafu huo hausafishiki kirahisi.

Kazi yenyewe ikifanywa sawasawa huenda hivi. Betri ijae kabisa, kisha kwenye menyu chagua kusafisha sensa kwa mkono ili kioo cha ndani kinachoakisi picha kiinuke na shata (pazia lililo mbele ya sensa) ifunguke. Betri ikikata katikati, kioo kinashuka na shata inajifunga juu ya swabu. Mabamba yake ni membamba mno, yanapinda mara moja. Elekeza mdomo wa kamera chini, puliza kwa pampu ya mpira bila kuingiza ncha ndani. Hatua hii wengi wao wanairuka, nayo ndiyo inayookoa kamera: vumbi la murram (udongo mwekundu wa barabarani) lina chembe za kwatzi, madini magumu kuliko kioo cha filta kilichofunika sensa, na ukiziburuta kwa swabu zinachora. Baada ya hapo matone mawili au matatu kwenye swabu, subiri yaenee, pitisha mara moja toka ukingo hadi ukingo, geuza upande wa pili, rudi mara moja, tupa. Kioo kinachoinuka na skrini ya plastiki iliyo juu yake visipanguswe kamwe.

Akikuambia sensa imeungua na inatakiwa kubadilishwa, funika lenzi kwa kifuniko chake upige picha. Vumbi ni doa jeusi lenye kingo hafifu, na kwenye picha hiyo ya giza halionekani. Pikseli (nukta ya sensa) iliyoharibika mara nyingi inabaki inang'aa, nyekundu, kijani, bluu au nyeupe. Pasipo nukta hizo, huenda anataka pesa zako tu.