Mashine ya kupunguza uzito nyumbani: baiskeli kwanza, tredimili baadaye

Mtu akiamua kupunguza kitambi, wazo la kwanza huwa tredimili, ile mashine ya kutembea au kukimbia juu ya mkanda. Kwa nyumba nyingi za Dar naiweka namba mbili. Namba moja ni baiskeli ya mazoezi inayotumia sumaku, ile ambayo ugumu wake unaongezwa kwa kuzungusha kitasa kwa mkono. Umeme ukikatika unaendelea kupiga pedeli, kwa sababu kioo chake kinatumia betri ndogo tu. Haipigi kelele za kumwamsha jirani wa ghorofa ya chini, na magoti ya mtu mzito hayapati kishindo.

Dukani usiishie kuitazama, ipande. Weka kisigino kwenye pedeli ikiwa chini kabisa: mguu unyooke. Ukirudisha unyayo mahali pake, goti litabaki limekunjika kidogo, na hapo ndipo panapotakiwa. Kama kiti hakifiki urefu huo, acha, hata wakikupunguzia bei. Kisha kaza ugumu hadi mwisho, ukanyage kwa nguvu. Ikiyumba pale dukani, nyumbani itayumba zaidi. Na siku ya kuifunga, kumbuka kwamba pedeli ya kushoto hukazwa kinyume cha mshale wa saa. Wanaoilazimisha upande mwingine huharibu hesi, na hesi zikishaliwa unatafuta krenki mpya, yaani mkono wa chuma unaoshika pedeli.

Tredimili inafaa sana kwa anayependa kutembea, mradi mbele yake panaweza kuinuliwa iwe kama unapanda mlima. Mtu wa kilo 80 akitembea kilomita 5 kwa saa kwenye tambarare, nusu saa inamchomea takriban kalori 140. Kwenye mwinuko wa asilimia 5 zinafika kama 230, bila kukimbia hata hatua moja. Lakini uliza nguvu ya mota ya kufanya kazi mfululizo. Ya kwangu ya kwanza niliuziwa kwa namba kubwa iliyobandikwa ubavuni, kumbe ilikuwa nguvu ya kilele, ya sekunde chache tu. Baada ya miezi michache mkanda ulikuwa unasita kila nikikanyaga. Leo sishuki chini ya nguvu za farasi 2.5 za mfululizo, na uzito unaoruhusiwa lazima uzidi wangu kwa kilo 20 au zaidi. Mkanda unapakwa mafuta ya silikoni, si ya kupikia wala ya injini. Kile kifunguo chenye kamba kibane kwenye nguo kila siku. Ukiteleza, ndicho kinachosimamisha mashine.

Ya tatu ni mashine ya kupiga makasia. Inafanyisha kazi miguu, mgongo na mikono kwa pamoja, lakini ukivuta kwa mgongo badala ya kusukuma kwa miguu utaumia kiuno. Nyingine zina urefu wa karibu mita 2.4, kwa hiyo pima chumba kwanza. Eliptiko, ile unayosimama ukikanyaga pedeli mbili kama unatembea hewani, naiweka ya nne: ni laini kwa magoti, ila za bei nafuu zina hatua fupi mno kwa mtu mrefu. Ubao wa kutetemesha mwili usinunue kabisa kwa ajili ya kupunguza uzito. Unatetemeka, huchoki.

Ukinunua mtumba, soma kibati cha nyuma. Cha volti 220–240 ni sawa. Cha 110 au 120 kitakudai transfoma kubwa. Kama unakaa karibu na bahari, Kigamboni au Mbezi Beach, funua kifuniko uangalie kutu kwenye skrubu, na usiiweke barazani.

Kalori zinazoonekana kwenye kioo zisikudanganye. Mara nyingi hutia chumvi, na chapati moja tu inaweza kurudisha nusu saa yote ya jasho. Hesabu dakika: Shirika la Afya Duniani linashauri angalau 150 kwa wiki za mazoezi ya wastani. Mwenye presha au tatizo la moyo amwone daktari kabla ya kulipa.

Mahali pa kuiweka ni sebuleni, mbele ya feni. Ikiingia stoo haitoki.