Seti ya kumimina matairi ya resini: silikoni nimeipenda, resini yake siirudii

Matairi manne yaliyokuja na Datsun 240Z yangu ya 1/24 (kigari cha plastiki cha kuunganisha, kidogo mara 24 kuliko gari halisi) yalikuwa ya vinili laini. Nilipoitoa kabatini baada ya miaka mitatu, yalikuwa yametoa jasho la mafuta na kuzila rimu, plastiki imekuwa kama sabuni iliyosahaulika kwenye maji. Wenzangu wa vigari vya kuunganisha mnaujua ugonjwa huu: kilainishi kilichomo kwenye vinili hutoka polepole na kuyeyusha polistairini inayogusana nayo. Rimu nilizitengeneza upya. Vinili nikasema basi.

Na gari lenyewe si la kuachwa juu ya mawe. 240Z ilishinda Safari Rally mwaka 1971, ikarudia 1973 Shekhar Mehta akiwa kwenye usukani. Mbio hizo zilipoanza 1953 zilikuwa za Kenya, Uganda na Tanganyika, kwa hiyo hapa Arusha mimi naihesabu kama gari la nyumbani.

Nikaagiza seti Dar es Salaam: kilo moja ya silikoni ya platinamu ya kutengenezea kalibu, kilo moja ya resini ya poliurethani ya kumimina ndani yake (vimiminika viwili vya kuchanganya, resini na kigumishaji), chupa ya rangi nyeusi, vikombe na vijiti. Shilingi 185,000, pamoja na kifurushi cha basi. Duka silitaji, mtaona kwa nini.

Silikoni kwanza. Ni nzuri kweli, ila nusu ya kwanza ya kalibu niliiharibu mwenyewe. Nililaza tairi la mfano kwenye plastisini ya watoto, nikavaa glovu za mpira, nikamimina. Kesho yake juu imeganda vizuri, lakini palipogusa plastisini panavutana kama ulimbo. Silikoni ya platinamu haipatani na salfa, na salfa imo kwenye plastisini nyingi na kwenye glovu za mpira. Karatasi ya maelezo haikusema neno kuhusu hilo. Nikabadilisha: udongo usio na salfa, glovu za nitrili, tairi nikalipaka vanishi nyepesi likakauka kabisa. Nusu ya kwanza ilipokaza nikaipaka mafuta ya mgando kabla ya kumimina ya pili, maana silikoni juu ya silikoni hushikana ikawa tofali moja. Nilipofungua nikacheka peke yangu. Kila kashata (vile vijibonge vya tairi vinavyokanyaga barabara) imo, na maandishi ya ubavuni unayasoma kwa kioo cha kukuzia.

Sasa resini. Nilimimina Aprili, masika imekolea, nguo haikauki hata ndani. Tairi likavimba kama andazi na kusukuma kalibu ikaachana. Kilichotokea ni kwamba kigumishaji cha poliurethani kikikutana na maji, hata unyevu wa hewani tu, hutoa gesi ya kaboni dioksidi, na ile gesi ndiyo mapovu. Ukishafungua kopo mara moja, linaendelea kunywa unyevu hata ukilifunika.

Mara ya pili nilingoja siku ya jua. Tairi likabaki kunata siku tatu. Karatasi inasema "1:1", basi nikapima kwa mizani ndogo, gramu kwa gramu, nikijiona mtaalamu. Kumbe ni 1:1 kwa ujazo. Vimiminika hivyo viwili havina uzito sawa, kwa hiyo kwa mizani uwiano ni mwingine, na tairi moja la 1/24 linachukua kama mililita 3 tu. Kwa kiasi hicho, tone moja likizidi umeharibu. Hili ndilo lalamiko langu kubwa: neno moja tu, "ujazo", lingeniokolea jioni nzima. Mara ya tatu liliganda, lakini likiwa na matundu kwenye kashata. Una dakika tatu au nne kabla halijaanza kukaza, na povu halipati muda wa kupanda juu.

Aliyeniokoa ni fundi wa meza za epoksi, resini ya aina nyingine inayokaza polepole. Nilimwonyesha tairi-andazi, akaligeuza mara moja akasema, "Kaka, hiyo yako ina haraka mno. Chukua hii yangu, yenyewe inakungoja." Akanipimia kidogo kwenye chupa mbili. Ya kwake ni mbili kwa moja, kwa ujazo (nilimuuliza mara mbili), na nikapima kwa bomba la sindano. Kabla ya kumimina napaka kalibu poda ya mtoto kwa brashi na kukung'uta inayobaki. Poda husaidia resini kuingia kwenye pembe ndogo. Namimina uzi mwembamba kutoka juu, upande mmoja tu, ili hewa itokee upande wa pili. Kwa weusi natumia unga wa tona ya mashine ya fotokopi, kidogo sana kwenye ncha ya kisu. Unatoa weusi uliofifia, na ndivyo tairi halisi lilivyo.

Julai baridi ya hapa ilitaka kunirudisha nyuma, epoksi inalala siku mbili haijakaza. Nikaweka kalibu kwenye boksi lenye balbu, kama la kulelea vifaranga. Namimina usiku, natoa kesho jioni. Mke wangu akauliza mayai yataanguliwa lini.

Mjue tu kwamba haya matairi ni magumu kama kifungo cha shati. Gari la kukaa kabatini halina shida, na msasa laini juu ya kashata unakupa tairi lililotembea Safari nzima. Anayetaka kigari cha kukimbiza kwenye njia ya umeme asijisumbue, kitateleza tu. Huyo atafute resini laini inayonyumbuka.

Kalibu yangu imeshatoa matairi zaidi ya 20 na haijachanika, na silikoni bado ipo ya kalibu nyingine. Hiyo nitainunua tena, ikiuzwa peke yake. Resini yao iko stoo. Juzi nilitaka kumgawia jirani, tukakuta mfuniko wa kigumishaji umeganda na kopo, hata koleo halikuufungua.