MRI kwanza au sindano moja kwa moja? Kansa ya tezi dume

PSA ya mzee, kile kipimo cha damu cha tezi dume, imepanda, sasa afanyiwe nini? Zamani njia ilikuwa moja, daktari anapitisha ultrasaundi kwa njia ya haja kubwa anachukua vinyama 10 mpaka 12 kwa sindano, ila ni kama kupapasa gizani maana ultrasaundi tezi inaionyesha lakini kansa yenyewe haioni vizuri, uvimbe ukijificha kule mbele imekula kwako. Na mkojo wa damu siku kadhaa, wengine infeksheni kabisa.

MRI, yaani kipimo cha picha kwa sumaku, unalala tu kwenye lile bomba linalogonga kama fundi bati, nusu saa hivi, halafu picha inapewa alama 1 mpaka 5, alama ikipanda shaka ya kansa nayo inapanda. Uingereza waliwapima wanaume 576 kwa njia zote mbili, utafiti wa PROMIS wa 2017, MRI ilinasa 93% ya kansa za hatari, sindano za kubahatisha 48% tu! Ila MRI nayo inashtua watu bure sana, na ukipata 4 au 5 sindano iko palepale, sema sasa inajua inakoenda. Mimi ningeanza na MRI, hela ikiwepo. Na kama umewekewa betri ya moyo waambie kabla hujaingia.